Lumbesa ndani ya seva: nani hutolewa memori inapobana

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya mwisho wa mwezi, hifadhidata yetu ilizimwa. Haikuwa na kosa, diski haikuwa imejaa, na hakuna mtu aliyeigusa. Ilizimwa na seva yenyewe, kwa kufuata kanuni tulizoziandika kwa mikono yetu na kuzisahau. Aliyekuwa amejaza memori ni mwingine kabisa: huduma ya kutengeneza ripoti, ambayo huamka saa mbili kamili kila mwisho wa mwezi, huvuta rekodi zote za siku thelathini na kuzipanga ndani ya RAM, yaani memori hiyohiyo. Ripoti ikaachwa iendelee kula memori. Hifadhidata ikatolewa nje, ikarudi, ikatolewa tena.

Tulikuwa wanne ofisini, Area D, na kwa saa nzima tulitafuta mchawi mahali asipokuwepo. Tulikagua diski, tukakagua mtandao, tukampigia simu mwenzetu aliyekuwa likizo kumuuliza alibadilisha nini juzi yake. Kila kitu kilikuwa salama. Jioni nilipokaa na kusoma logi za mashine mstari kwa mstari, nilielewa kuwa seva ilifanya sawasawa na tulivyoiagiza. Sisi ndio tulikuwa hatujui tumeiagiza nini.

Naandika haya kwa sababu naona timu nyingi hapa Dodoma zikihamishia mifumo yao kwenye makontena na Kubernetes zikiwa na imani ileile tuliyokuwa nayo: kwamba ukishaandika namba za memori kwenye faili la usanidi, umejikinga. Kujua namba hizo zitakufanyia nini siku ya njaa kuna njia moja tu, nayo ni kuileta njaa mwenyewe, kwa kipimo, siku uliyoichagua. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, maana memori ikibana kwenye klasta, yaani kundi la seva zinazosimamiwa pamoja, kuna vifo vitatu tofauti, kila kimoja na mwamuzi wake, na jaribio linalokuonyesha kimoja halikuambii lolote kuhusu viwili vilivyobaki.

Ghala la Kibaigwa

Nimekulia Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, kwenye soko la mahindi lililo kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro. Mjomba wangu alikuwa mtunza ghala. Kila nikijaribu kumweleza mtu memori ya seva najikuta nimerudi kwenye sakafu ya ghala lile, na sijapata mfano mwingine unaokaa sawa kiasi hicho.

Seva moja, ambayo kwenye klasta huitwa nodi, ni ghala moja. Memori ni sakafu yake. Kontena, yaani programu iliyofungiwa chumba chake ndani ya seva, ni mteja mwenye mahindi yake, aliyetengewa eneo, asiyeona mali ya jirani. Wateja waliofika kwa roli moja na ambao lazima walale ghala moja ndio podi. Klasta ni maghala kadhaa chini ya uongozi mmoja, na uongozi huo ni Kubernetes, programu iliyotangazwa na Google mwaka 2014, ambayo jina lake ni neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani wa chombo.

Mteja akifika huandikisha vitu viwili. Cha kwanza ni ombi: nitahitaji nafasi ya gunia mia. Cha pili ni kikomo: mstari wa chokaa sakafuni ambao hataruhusiwa kuuvuka hata iweje. Anaweza kuandikisha vyote viwili, kimoja, au asiandikishe chochote. Sasa, yule anayegawa wateja kwenye maghala husoma ombi peke yake. Haendi kuchungulia sakafuni. Ghala likiwa na nafasi ya gunia mia nane na daftari likionyesha maombi ya mia sita, kwake ghala hilo bado lina nafasi ya mia mbili, hata kama kwa macho limeshajaa hadi mlangoni.

Na hujaa hadi mlangoni kwa sababu ya lumbesa. Msomaji wa Kanda ya Kati hahitaji kuelezwa, lakini kwa aliye mbali: lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba juu. Kwenye hesabu ni gunia moja, kwenye mzani na kwenye nafasi ni zaidi. Programu nyingi huishi hivyo. Ziliandikishwa kwa kiasi kidogo siku ya kwanza, zikakua pamoja na watumiaji, na hakuna aliyerudi kwenye daftari kusahihisha. Hifadhidata yetu ilikuwa imeandikishwa GB 1. Asubuhi ile ilikuwa inatumia GB 2.6.

Kuna tabia nyingine ya ghala ambayo ukiikosa, majaribio yako yote ni bure. Programu ikiomba memori, keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo unaoendesha seva, huipa kwanza karatasi tu. Huiambia "una GB 1", lakini sakafuni hakuna kilichotua. Memori halisi hutolewa ukurasa kwa ukurasa, kwa kawaida KB 4 kila mmoja, pale programu inapoandika kitu ndani yake kwa mara ya kwanza. Mjomba alikuwa na wateja wa namna hiyo, waliolipia nafasi wakakaa wiki mbili bila kuleta mzigo. Nilikuwa mdogo, nikamuuliza kwa nini anawapanga watu wengine pale palipolipiwa. Alinijibu huku akiendelea kuhesabu: "Mjomba, karatasi haijazi ghala." Basi programu ya majaribio inayoomba memori bila kuiandika haijambana mtu yeyote. Nimeona mtu akionyesha kwa fahari kwamba klasta yake imestahimili GB 6 za ziada, na sakafuni hapakuwa na hata gunia moja.

Waamuzi watatu

Kifo cha kwanza ni cha mstari wa chokaa. Kila kontena huwekwa na keneli kwenye kundi la udhibiti liitwalo cgroup, utaratibu ulioanzishwa na wahandisi wa Google mwaka 2006 na kuingizwa kwenye Linux toleo la 2.6.24, Januari 2008. Kundi likigusa kikomo chake, keneli hujaribu kwanza kupata nafasi ndani ya kundi hilohilo kwa kutupa nakala za faili ambazo zinaweza kusomwa tena kutoka diski. Ikishindwa, huua. Skrini itaonyesha OOMKilled na namba 137, ambayo ni 128 kujumlisha 9, na 9 ni ile ishara ya kuua ambayo mchakato, yaani programu inayoendeshwa, hauwezi kuikataa. Kontena huanzishwa upya ndani ya podi ileile, kwenye nodi ileile. Likiendelea kufa, husubirishwa sekunde 10, kisha 20, kisha 40, hadi kufika dakika 5 kati ya jaribio na jaribio. Kifo hiki hakimhusu jirani. Ghala linaweza kuwa nusu tupu na mteja akafia kwenye mstari wake.

Kifo cha pili huamuliwa na kubelet, programu inayokaa kwenye kila nodi kama mtunza ghala. Kila baada ya sekunde 10 hupita na kuhesabu nafasi iliyobaki. Kama hujaielekeza vingine, ikikuta chini ya MB 100 hutangaza kwamba nodi iko kwenye shinikizo la memori, hubandika alama ili podi zisizoandikisha chochote zisiletwe pale, na huanza kuchagua wa kutoa.

Kanuni yake ya kuchagua naomba isomwe taratibu. Kubelet haianzi kwa kuuliza nani anatumia memori nyingi. Huuliza kwanza nani amepita ombi lake. Waliopita hutangulia mlangoni. Kati yao hutazama kipaumbele walichopewa, na mwisho hutazama nani amepita kwa kiasi kikubwa zaidi. Aliyebaki ndani ya ombi lake hukaa nyuma ya foleni hata kama amekalia nusu ya sakafu. Tena, kwa kiwango hicho cha MB 100 hakuna muda wa kuaga. Podi hukatwa hapohapo, bila zile sekunde 30 za kawaida za kufunga kazi zake, na hata kanuni uliyoiweka kuzuia nakala nyingi zisiondolewe kwa pamoja haizingatiwi. Podi iliyotolewa haifufuki. Hubaki na maandishi Evicted, na nakala mpya hutengenezwa na kupelekwa penye nafasi. Ya kwetu ilirudishwa nodi ileile kwa kuwa diski yake iko pale, ikaanza kusoma daftari lake la miamala ili kujiponya, ikavimba, ikatolewa tena.

Kifo cha tatu ni cha keneli tena, lakini safari hii kwa nodi nzima. Hutokea memori inapokwisha kabla kubelet haijapita kwenye mzunguko wake. Keneli haina daftari la Kubernetes wala haijui kipaumbele ulichompa nani. Inachojua ni alama. Kila mchakato hupewa alama kulingana na sehemu ya memori unayotumia, kwa hesabu ya elfu, kisha huongezewa marekebisho ambayo kubelet iliyaweka mapema. Podi ambayo ombi na kikomo chake ni sawa, kwa memori na kwa CPU, hupewa -997, karibu sawa na kinga kamili. Isiyoandikisha chochote hupewa 1000. Ya katikati hupewa 1000 kutoa sehemu ambayo ombi lake linachukua kwenye nodi, nayo kwa hesabu ya elfu.

Nifanye hesabu ya asubuhi yetu, kwa kurahisisha kana kwamba kila huduma ni mchakato mmoja. Nodi ilikuwa na GB 8. Hifadhidata iliomba GB 1, ambayo ni 125 kati ya elfu, kwa hiyo marekebisho yake ni 875. Ilikuwa inatumia GB 2.6, yaani 325. Jumla 1200. Ripoti iliomba GB 3, yaani 375, kwa hiyo marekebisho yake ni 625. Ilikuwa inatumia GB 2.9, takriban 362. Jumla 987. Mwenye alama kubwa ndiye anayeuawa. Kwa hiyo hata kama memori ingekwisha ghafla na uamuzi ukaangukia kwa keneli, ingekufa hifadhidata ileile iliyotolewa na kubelet. Ona pia kwamba hesabu hii imesukwa kwa makusudi: aliyepita ombi lake huvuka 1000, aliye ndani ya ombi lake hubaki chini. Lumbesa huadhibiwa na waamuzi wote wawili, kubelet na keneli.

Ombi la GB 3 la ripoti niliandika mimi. Miezi michache kabla, ripoti ilikuwa ikifa kifo cha kwanza kila mwisho wa mwezi, nikapandisha ombi na kikomo kwa pamoja ili ipate nafasi. Ikapona. Sikuwaza kwamba kwa kupandisha ombi nilikuwa nimebadilisha nafasi yake kwenye foleni ya kutolewa, na kwamba nimeiweka salama kuliko hifadhidata, ambayo mfumo mzima unaitegemea.

Ukitaka kujua mtu wako alikufa kifo gani, usiishie kwenye namba 137, kwa sababu kifo cha kwanza na cha tatu vyote huweza kuiacha. Ingia kwenye nodi uandike dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa keneli. Mstari unaoanza na maneno "Memory cgroup out of memory" ni mstari wa chokaa. Unaoanza na "Out of memory" peke yake ni nodi nzima. Na kama keneli haijasema lolote lakini podi ina neno Evicted, ni kubelet.

Kuileta njaa kwa kipimo

Kuvunja kitu chako mwenyewe ili ukijue si wazo jipya. Netflix walieleza mwaka 2011 jinsi wanavyotumia programu waliyoiita Chaos Monkey kuzima seva zao za kazi kiholela, na mwaka uliofuata wakaiachia wazi kwa kila mtu. Lakini kuzima seva ni jaribio rahisi kulinganisha na kubana memori, kwa sababu seva iliyozimwa imezimwa. Memori hubana taratibu, na namna unavyoibana ndiyo huamua nani atakuwa mwamuzi.

Sisi tulianza kwenye klasta ya majaribio yenye nodi tatu za ukubwa uleule, Jumamosi. Chombo chetu kilikuwa stress-ng, programu ya Linux ya kutesa mashine, ambayo kwa memori huandika kweli kwenye kila ukurasa:

stress-ng --vm 1 --vm-bytes 1400M --vm-keep --oomable --timeout 10m

Maana yake: mchakato mmoja, MB 1400, ushike usiachie, ukiuawa usifufuke, na baada ya dakika 10 jiondoe mwenyewe. Kile kipande cha oomable ndicho kilichotugharimu nusu siku. Bila hicho, stress-ng ikiuawa na keneli huzaa mtoto mwingine na kuendelea, maana mzazi ndiye kichwa cha kontena na yeye hakuguswa. Unaangalia skrini, kontena linaonekana lina afya, huku ndani yake kuna vifo kila sekunde chache. Kuanzia Kubernetes 1.28, kwenye nodi zinazotumia cgroup ya kizazi cha pili, keneli huua michakato yote ya kontena kwa pamoja, kwa hiyo hali hii hubadilika kulingana na umri wa klasta yako. Jua kwanza uko upande gani.

Kosa letu la pili lilikuwa la kuelimisha zaidi. Podi ya majaribio tuliiweka bila ombi wala kikomo, tukijua tunataka tu ile memori. Ikajaza, kubelet ikapita, na wa kwanza kutolewa akawa mjaribu mwenyewe. Bila shaka. Aliyekuja bila kuandikisha chochote amepita ombi lake tangu gunia la kwanza. Tulirudia mara tatu, hifadhidata ikasalimika mara zote, na mmoja wetu akaanza kuamini kwamba tatizo limekwisha. Ili jaribio liwe la kweli ilibidi mjaribu apewe ombi na kikomo sawa, GB 1.5, akae kwenye kinga, ili anayebanwa awe mwenye nyumba na si mgeni.

Kuna wanaoingia kwenye nodi moja kwa moja na kuendesha stress-ng nje ya Kubernetes. Hiyo inaiga jambo jingine: programu ya mfumo inayovuja, iliyo nje ya mikono ya kubelet. Kubelet itaona nafasi inapungua, itatoa podi, nafasi itajazwa tena na yule asiyeguswa, itatoa nyingine, na nyingine. Ni jaribio lenye faida, lakini sishauri mtu alianze nalo, na kamwe asilifanye bila muda wa kujiondoa.

Halafu kuna mwendo. Kubelet hupita kila sekunde 10 na kizingiti chake ni MB 100. Ukijaza MB 5 kwa sekunde, katikati ya mizunguko miwili umeongeza MB 50, na kubelet itakukuta njiani. Ukijaza MB 200 kwa sekunde, umeshapita kizingiti na kumaliza sakafu kabla haijainua kichwa, na uamuzi ni wa keneli. Stress-ng yenyewe hujaza kwa kasi sana. Kwa hiyo tuliandika programu fupi ya Python, inayoongeza MB 5 kila sekunde na kuandika ndani yake, tukaitumia kwa jaribio la pole, na stress-ng tukaiachia jaribio la haraka. Watu wanaotumia mwendo mmoja tu hufahamu mwamuzi mmoja tu. Nadhani hili ndilo pengo kubwa kuliko yote kwenye majaribio ninayoyaona, na kuliziba ni kazi ya mistari kumi ya programu.

Vyombo vikubwa zaidi kama Chaos Mesh na LitmusChaos vinafanya haya kwa mpangilio mzuri na vina uwezo wa kubana ndani ya kontena lengwa lenyewe. Ni vizuri, ila ukibana ndani ya kontena la mtu umejaribu mstari wake wa chokaa, hujajaribu ghala.

Neno moja kuhusu kupima. Ukiandika free, amri ya kuonyesha memori, ndani ya kontena utaona memori ya nodi nzima, si ya kontena. Programu nyingi zimedanganyika hivyohivyo, Java ikiwa mojawapo hadi ilipofundishwa kutambua makontena kwenye toleo la 10 mwaka 2018. Na hesabu ya kubelet si ile ya free. Kubelet huondoa kwenye hesabu ya memori iliyotumika nakala za faili ambazo hazijaguswa karibuni, kama vile mtunza ghala asivyohesabu gunia ambalo mwenyewe ameshasema linaweza kutolewa wakati wowote. Soma namba anayoisoma mwamuzi, si namba iliyo karibu na mkono wako.

Kabla ya kifo

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba watumiaji huumia kabla hajafa mtu. Kwenye jaribio la pole, kuanzia dakika ya nne, ukurasa wa kuingia kwenye mfumo uliokuwa ukifunguka papo hapo ulianza kuchukua sekunde sita, saba. Hakuna podi iliyokuwa imetolewa. Hakuna onyo lolote. Matumizi ya CPU yalikuwa ya kawaida.

Kinachotokea ni hiki. Kubernetes kwa desturi huendeshwa bila ile sehemu ya diski inayosaidia memori, iitwayo swap. Nafasi ikibana, keneli hutafuta cha kutupa, na kinachotupika ni nakala za faili, zikiwemo kurasa za programu zenyewe zinazoendeshwa. Programu inataka kuendelea, inakuta ukurasa wake umetupwa, unasomwa upya kutoka diski, na ili ukae unatupwa mwingine, ambao nao unahitajika sekunde inayofuata. Ni ghala ambalo wabeba mizigo wote wanazunguka kutwa wakihamisha gunia lilelile.

Linux ina kipimo cha hali hii tangu toleo la 4.20, Desemba 2018, kilichoandaliwa na wahandisi wa Facebook. Fungua faili /proc/pressure/memory. Mstari wa kwanza, some, hukupa asilimia ya muda ambao angalau kazi moja ilikuwa imesimama ikisubiri memori, kwa sekunde 10, 60 na 300 zilizopita. Mstari wa pili, full, ni muda ambao kazi zote zilikuwa zimesimama. Kwetu, ule wa kwanza ulikuwa sifuri siku zote. Kwenye dakika ile ya nne ulivuka 30. Sasa ndio tunaoutazama kwanza, kabla hata ya kiasi cha memori kilichobaki, kwa sababu nodi inaweza kuwa na MB 300 tupu ikiwa na afya kabisa, na nyingine ikawa na MB 300 hizohizo ikiwa inatapatapa.

Na kifo cha mmoja hakiishii kwake. Nodi tatu zikiwa kila moja imejaa asilimia 70, zinaonekana zina nafasi ya kupumua. Ipoteze moja: mzigo wa asilimia 210 unagawanywa kwa nodi mbili, 105 kila moja. Hazitoshi. Podi zilizotolewa kwenye ghala la kwanza hufika la pili zikiwa na njaa ya kuanza upya, ambayo mara nyingi ni kubwa kuliko ya kawaida, na la pili nalo huanza kutoa. Tuliliona hili kwa macho saa tisa alasiri, nodi ya pili ikifuata ya kwanza kwa tofauti ya dakika tatu, na vijana wawili wa mafunzo kwa vitendo kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wakiandika muda wa kila tukio kwenye daftari. Daftari lile ndilo lilinishawishi zaidi ya grafu zote.

Baada ya hapo tulibadilisha namba. Hifadhidata iliandikishwa ukweli wake, GB 3, ombi na kikomo sawa, na CPU vivyo hivyo, ili iingie kwenye kinga. Ripoti ilishushwa ombi hadi MB 512 na kikomo kikawekwa GB 2. Huduma ndogo tulizipitia moja moja, tukakuta nne ambazo hazikuwahi kuandikishwa chochote. Tukarudia mizunguko yote mitatu. Kwenye mstari wa chokaa, ripoti ilikufa peke yake ilipofika GB 2. Kwenye mwendo wa pole, kubelet iliitoa ripoti kwanza. Kwenye mwendo wa haraka, keneli iliichagua ripoti. Hifadhidata haikuyumba.

Lakini jaribio la pole lilituonyesha kitu kipya. Ripoti iliyotolewa ilizaliwa upya kwenye nodi ya pili, ikaanza kuvuta rekodi za siku thelathini tangu mwanzo, kama vile haijawahi kufanya kazi yoyote. Ikitolewa pale, itaanza tena kwenye ya tatu. Mwenzetu mmoja sasa anaikata ripoti hiyo vipande, wilaya moja moja, kila kipande kikihifadhi kilipofikia, kuanzia Chamwino. Amemaliza Chamwino na Bahi. Kongwa ina rekodi nyingi kuliko hizo mbili kwa pamoja, na Jumamosi ijayo tutaibana ikiwa katikati ya Kongwa.